Kumtambua Mbung'o kwa Maumbile Yake: Somo kutoka Wilaya za Tarime na Serengeti

Utangulizi

Mto Mara huingia Tanzania kutoka Kenya, ukapita kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kisha ukateremka baina ya Wilaya ya Tarime na Wilaya ya Serengeti kuelekea Ziwa Viktoria. Juu ya bonde hilo, katika nyanda za juu za Tarime, hali ya hewa ni ya baridi na wakulima hustawisha migomba, kahawa na mahindi. Chini bondeni, na katika vijiji vilivyo upande wa magharibi wa Hifadhi, nchi ni ya joto, yenye migunga, vichaka na nyasi ndefu. Huko ng'ombe na wanyama wa porini hukaribiana, na huko ndiko aliko mbung'o.

Kwa Wakurya, Waikoma, Wangoreme na majirani zao, ng'ombe ni maziwa, ni mahari, na ni maksai wa kuvutia plau. Ng'ombe anayeumwa na mbung'o mwenye vimelea hupatwa na nagana: hupungukiwa na damu, hukonda ijapokuwa malisho ni tele, nywele zake husimama, jike hutupa mimba, na asipotibiwa aghalabu hufa. Binadamu naye huweza kupatwa na malale. Malale ya Afrika Mashariki huenda kwa kasi: huanza kwa homa, na baada ya majuma au miezi michache vimelea huingia katika ubongo. Mgonjwa asipotibiwa hufa.

Kwa sababu hiyo swali la mwanafunzi, "Huyu ni mdudu gani?", si la darasani tu. Jibu lake ndilo humwongoza mfugaji na mtaalamu wa mifugo kujua mtego upi utumike, uwekwe wapi, na mifugo ikwepeshwe mahali gani. Somo hili laeleza hatua za kumtambua mbung'o kwa kutazama maumbile yake, kuanzia jenasi hadi spishi.

Je, mdudu huyu ni mbung'o?

Mbung'o wote wamo katika jenasi moja iitwayo Glossina, jina lililotolewa na Wiedemann mwaka 1830. Hupatikana Afrika kusini ya Sahara, pamoja na sehemu chache za kusini-magharibi mwa Bara Arabu. Mdudu hahesabiwi kuwa mbung'o mpaka awe na alama nne zifuatazo.

Kwanza, mabawa. Mbung'o anapotua hulaza bawa moja juu ya jingine mgongoni, kama makali ya mkasi uliofungwa. Nzi wa nyumbani na pange huacha mabawa yao yametanuka kando.

Pili, mdomo. Mrija wa kufyonzea damu huelekea mbele ya kichwa, hata mdudu anapopumzika. Chini ya mrija huo kuna uvimbe mfano wa kitunguu. Pande zote mbili za mrija zimefunikwa na vipapasio virefu vinavyokaribia kulingana nao, kama ala inavyofunika kisu.

Tatu, mshipa wa bawa. Katikati ya bawa kuna chumba kilichozungukwa na mishipa, nacho kina umbo la shoka. Chumba hiki hakipatikani kwa nzi mwingine yeyote. Kwa hiyo hata likipatikana bawa moja tu lililokatika, mtaalamu aweza kusema kwa yakini kwamba lilikuwa la mbung'o.

Nne, papasi. Katika kila papasi huota unywele mmoja mrefu, na juu ya unywele huo kuna safu ya vijinywele. Vijinywele hivyo navyo vina vitawi vyake. Alama hii huonekana vizuri kwa kioo cha kukuzia au hadubini.

Alama hizi nne ni lazima zitazamwe pamoja, kwa kuwa wapo wadudu wanaofanana na mbung'o kwa alama moja. Nzi anayeuma ng'ombe zizini, yaani Stomoxys, ana mrija unaoelekea mbele, lakini mabawa yake hayalali moja juu ya jingine wala hana chumba chenye umbo la shoka. Pange naye hufyonza damu na huuma kwa maumivu makali, lakini macho yake ni makubwa mno na mdomo wake huelekea chini. Kosa la kumwita kila nzi anayeuma "mbung'o" limepoteza fedha na nguvu za watu wengi, maana mtego mzuri wa mbung'o waweza usimguse mdudu mwingine.

Makundi matatu ya mbung'o

Baada ya kuthibitisha jenasi, hatua inayofuata ni kuliweka windo katika kundi lake. Wataalamu wamewagawa mbung'o katika makundi matatu, na kila kundi lina makao yake.

Kundi la fusca lina mbung'o wakubwa, wenye urefu wa milimita 9.5 hadi 14 hivi, pasipo kuhesabu mrija. Wengi wao hukaa misituni na katika vichaka vizito. Glossina brevipalpis ni mmoja wao, jina lake lina maana ya "mwenye vipapasio vifupi."

Kundi la palpalis ni la kandokando ya maji. Glossina fuscipes, ambaye hukaa katika miti na vichaka vya mwambao wa Ziwa Viktoria, ni wa kundi hili. Yeye ndiye aliyeeneza malale huko Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, ambapo watu zaidi ya 200,000 walipoteza maisha. Ni katika janga hilo, mwaka 1903, David Bruce alipoonyesha kwamba mbung'o ndiye anayebeba vimelea vya malale. Yeye huyo alikuwa amekwisha kuonyesha uhusiano wa mbung'o na nagana huko Zululand katika miaka ya 1890.

Kundi la morsitans ni la mbuga na pori la miti iliyotawanyika. Hawa ndio mbung'o wanaowahusu zaidi wafugaji wa mpakani mwa Serengeti.

Umbo la viungo vya uzazi vya dume huthibitisha kundi. Chini ya ncha ya tumbo la dume kuna vibanio viwili vya juu. Katika kundi la fusca vibanio hivyo viko huru, kila kimoja peke yake. Katika kundi la palpalis vimeunganishwa kwa utando mwembamba. Katika kundi la morsitans vimeungana kwa utando na kushikana pia katikati. Uchunguzi huu wahitaji hadubini na mkono uliozoea. Hata hivyo mwanafunzi afaa ajue kwamba upo, kwa kuwa ndio unaotegemewa alama za nje zinapotia shaka.

Hatua za utambuzi

Mguu wa mdudu huishia katika pingili tano ndogo. Katika somo hili sehemu hiyo itaitwa wayo. Rangi ya nyayo ndiyo alama kuu kwa anayetumia kioo cha kukuzia tu.

Hatua ya 1. Pima urefu wa mdudu kuanzia kichwani hadi ncha ya tumbo, bila mrija. Akizidi milimita 11, ni wa kundi la fusca. Akiwa chini ya milimita 9.5, si wa kundi hilo. Akiwa baina ya vipimo hivyo viwili, urefu peke yake hauamui neno, na ni lazima vibanio vya dume vichunguzwe. Asiye wa kundi la fusca aendelee na hatua ya 2.

Hatua ya 2. Tazama nyayo za miguu ya nyuma kwa juu. Pingili zote tano zikiwa nyeusi au za kahawia iliyoiva, huyo ni wa kundi la palpalis. Pingili mbili za mwisho tu zikiwa nyeusi, na zile za kwanza zikiwa na rangi hafifu, huyo ni wa kundi la morsitans. Endelea na hatua ya 3.

Hatua ya 3. Tazama nyayo za miguu ya mbele na ya kati. Zikiwa za manjano hafifu mpaka mwisho, pasipo ncha nyeusi, na mdudu akiwa na urefu wa milimita 8 au zaidi, huyo ni Glossina pallidipes. Pingili mbili za mwisho zikiwa na ncha nyeusi zinazoonekana wazi, endelea na hatua ya 4.

Hatua ya 4. Tazama mgongo wa tumbo. Mbung'o wa porini mwa Serengeti mwenye ncha nyeusi za nyayo, na mwenye mikanda myeusi iliyokolea na kujitenga waziwazi na rangi ya manjano ya tumbo, ni Glossina swynnertoni. Ndugu yake, Glossina morsitans, anamfanana sana. Hivyo kielelezo cha shaka kipelekwe kwa wataalamu wa mifugo ili vibanio vyake vichunguzwe.

Yapo mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza ni kwamba hatua hizi zimetungwa kwa ajili ya eneo linalozungumzwa hapa. Mwambao wa bahari, kwa mfano, yuko Glossina austeni, mbung'o mdogo mwenye rangi ya kahawia nyekundu, ambaye hakuingizwa humu. La pili ni kwamba rangi hubadilika baada ya kifo. Mdudu aliyekaa mtegoni siku nyingi juani huenda akapauka, na mwenye tumbo lililojaa damu huonekana mweusi kuliko kawaida.

Mbung'o wawili wa pori la Serengeti

Jina pallidipes kwa Kilatini maana yake ni "mwenye miguu iliyopauka." Mwingereza E. E. Austen, aliyempa jina hilo mwaka 1903, alichukua alama ileile ya hatua ya 3. Mbung'o huyu hupenda vichaka vya kando ya mito na makorongo, mahali penye kivuli na unyevu. Hufyonza damu ya pongo, nyati na wanyama wengine wa vichakani, pamoja na ng'ombe wanaopelekwa kunywa maji.

Glossina swynnertoni alipewa jina kwa heshima ya C. F. M. Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyama wa porini ya Tanganyika, na baadaye mkuu wa utafiti wa mbung'o uliokuwa na makao yake Shinyanga. Alifariki mwaka 1938 katika ajali ya ndege. Mbung'o anayeitwa kwa jina lake hapatikani mahali pengine duniani isipokuwa kaskazini mwa Tanzania na sehemu ya kusini mwa Kenya inayopakana nayo. Huyu hustahimili nchi kavu kuliko ndugu zake. Makao yake ni pori la migunga iliyotawanyika, na ngiri na nyati ni miongoni mwa wanyama anaowafyonza sana. Hufuata kitu kinachokwenda, na ndiyo sababu magari yanayopita Hifadhini huandamwa naye.

Mbung'o hawa wote, wawindapo kwa macho, huvutwa na rangi ya samawati na nyeusi. Lakini mwenendo wao mbele ya mtego haufanani. Pallidipes huvutwa sana na harufu, na mitego yenye chupa ya asetoni na mkojo wa ng'ombe humkamata kwa wingi. Swynnertoni hajali harufu hizo kwa kiasi kilekile, na mitego iliyotengenezwa kwa ajili ya mwenzake humkamata kwa uchache. Mtu asiyetofautisha spishi hizi aweza kutega mtego wa pallidipes katikati ya pori la migunga, akapata mbung'o watatu kwa juma, akatangaza kwamba nchi imesafika. Huku ng'ombe wakiendelea kufa.

Dume, jike na umri

Mbung'o dume na jike wote hufyonza damu, nao hawali chakula kingine. Kwa hiyo wote wawili hueneza ugonjwa. Dume hutambulikana kwa kifundo kilichotokeza chini ya ncha ya tumbo. Jike hana kifundo hicho.

Uzazi wa mbung'o ni wa ajabu miongoni mwa wadudu. Jike hatagi mayai. Hulea buu mmoja tumboni mwake, akimlisha kwa maziwa yatokayo katika tezi maalumu, na kumzaa akiwa amekomaa. Buu huyo hujichimbia katika udongo laini wenye kivuli, akageuka pupa, na baada ya majuma manne hivi hutoka mbung'o kamili. Jike huzaa buu mmoja kila baada ya siku 9 au 10. Kwa kuwa uzazi wake ni wa polepole, yatosha kuua kila siku sehemu ndogo tu ya majike, asilimia 4 hivi juu ya vifo vya kawaida, ili idadi yote ishuke. Hapa ndipo mitego na vitambaa vyenye dawa vinapopata nguvu zake.

Umri nao husomeka katika maumbile. Makali ya nyuma ya bawa huchanika kadiri mbung'o anavyoruka. C. H. N. Jackson, aliyefanya kazi Shinyanga, aliipanga michaniko hiyo katika daraja sita, kuanzia bawa zima hadi bawa lililochakaa kabisa. Mbung'o wengi wenye mabawa mazima wakikamatwa, ni dalili kwamba wapya wanatoka ardhini.

Kisichoonekana kwa nje

Maumbile ya nje hayaonyeshi kama mbung'o ana vimelea. Ili kujua hilo, mtaalamu humpasua chini ya hadubini na kutazama sehemu tatu. Tripanosoma vivax hukaa katika mrija tu. Tripanosoma congolense hukaa katika utumbo na katika mrija. Tripanosoma brucei hukaa katika utumbo na katika tezi za mate. Aina moja ya brucei, iitwayo rhodesiense, ndiyo inayoleta malale ya Afrika Mashariki. Wanyama wengi wa porini hubeba vimelea hivi bila kuugua sana, na kwa hiyo huwa hazina yake. Mwaka 2001 watalii kadhaa kutoka Ulaya waliozuru mbuga za kaskazini mwa Tanzania, Serengeti ikiwamo, walipatwa na malale. Tukio hilo lilikumbusha kwamba ugonjwa huu haujatoweka. Kwa hiyo mkazi wa mpakani mwa Hifadhi akishikwa na homa isiyopona kwa dawa ya malaria, yampasa aende hospitali na kumweleza mganga kwamba aliumwa na mbung'o, ili damu yake ipimwe.

Fundisho kutoka Unguja

Manufaa ya kuijua spishi kwa yakini yalidhihirika Unguja. Katika kisiwa hicho alikuwapo mbung'o wa spishi moja tu, Glossina austeni. Baada ya idadi yake kupunguzwa kwa dawa na vitambaa, tangu mwaka 1994 madume wengi waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi walimwagwa kutoka kwenye ndege. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja katika maisha yake. Akipandwa na dume tasa, hazai. Mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina mbung'o. Lau kama wangefugwa madume wa spishi nyingine, kazi yote ingekuwa bure.

Serengeti haiko kama Unguja. Si kisiwa, ina spishi zaidi ya moja, na mbung'o wa Hifadhini huweza kuruka hadi vijijini. Kwa hiyo kazi ya huko ni ya kudumu: kutega mpakani, kuogesha ng'ombe kwa dawa inayoua mbung'o, na kuhesabu walionaswa kwa spishi zao.

Zoezi la darasani

Mwalimu aombe vielelezo vilivyokaushwa kutoka ofisi ya mifugo ya wilaya. Wanafunzi wasipelekwe porini kuwakamata mbung'o. Kielelezo kichomwe pini upande mmoja wa kifua, ili upande wa pili ubaki mzima, na kishikwe kwa uangalifu kwa kuwa miguu hukatika upesi. Mbung'o asiye na miguu hawezi kupita hatua ya 2. Kila kielelezo kiwe na karatasi ndogo yenye mahali, tarehe, saa na aina ya mtego.

Kisha wanafunzi wavitambue vielelezo hivi vinne kwa kufuata hatua zilizotolewa, wakitaja alama iliyowaongoza.

A. Urefu milimita 9. Nyayo za nyuma zina pingili mbili za mwisho nyeusi. Nyayo za mbele zina ncha nyeusi. Mikanda ya tumbo imekolea. Alinaswa katika pori la migunga.

B. Urefu milimita 10. Vibanio vya dume vimeshikana katikati. Pingili mbili za mwisho za nyayo za nyuma ni nyeusi. Nyayo za mbele ni za manjano hafifu mpaka mwisho. Alinaswa katika kichaka cha kando ya mto.

C. Urefu milimita 8. Nyayo za nyuma ni nyeusi zote. Alinaswa mwambaoni mwa Ziwa Viktoria.

D. Urefu milimita 15. Macho makubwa mno. Mdomo waelekea chini. Mabawa yametanuka kando.

Majibu: A ni Glossina swynnertoni. B ni Glossina pallidipes. Kwa urefu wake ilikuwa lazima kutazama vibanio kwanza. C ni wa kundi la palpalis, na kwa mahali aliponaswa ni Glossina fuscipes. D si mbung'o, ni pange. Mwanafunzi aliyemwita D "mbung'o mkubwa wa kundi la fusca" alianza na hatua za spishi kabla ya kuhakikisha jenasi, na hilo ndilo kosa linalopasa kusahihishwa mapema kuliko yote.